Bidii, Utulivu na Akili: Matarajio ya Kijinsia katika Lugha ya Walimu Wanapotathmini Wanafunzi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulika kwa muda mrefu na usawiri wa mwanamke. Riwaya, tamthilia na tenzi zimechambuliwa kwa mtazamo huo tangu miaka ya 1980, na ni vigumu kupata idara ya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu isiyokuwa na tasnifu kadhaa za uzamili juu ya mada hiyo. Hata hivyo, ipo matini moja ambayo wahakiki wameipita kana kwamba haipo, ingawa husomwa kwa makini kuliko riwaya yoyote iliyowahi kutahiniwa. Matini hiyo ni maoni ya mwalimu katika ripoti ya muhula. Ina maneno matatu au manne tu. Haichapishwi, wala haina mtunzi anayesifiwa. Lakini mzazi huisoma mara mbili, asiyejua kusoma humpa jirani amsomee, na mtoto huibeba moyoni miaka mingi baada ya karatasi yenyewe kuliwa na mchwa.

Katika shule nyingi za Kenya ripoti hiyo huandikwa kwa Kiingereza kuanzia juu hadi chini, isipokuwa mstari mmoja, nao ni ule wa somo la Kiswahili. Hapo ndipo mwalimu wetu huandika “Ana bidii”, “Mtulivu”, “Anaweza”, “Jikaze”, “Ametia fora”. Kwa mhakiki mstari huo una jambo la ajabu. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Kiambishi “a-” humtaja msichana kama kinavyomtaja mvulana, na neno “mwanafunzi” halimbagui yeyote. Mtu akiokota ripoti iliyopasuka pale penye jina, sarufi haitamwambia kama inamhusu binti au mwana wa kiume. Na bado, yeyote aliyewahi kuzunguka shule za Uasin Gishu, kutoka Burnt Forest hadi Turbo na Ziwa, akikagua walimu wanagenzi katika mazoezi ya kufundisha, atakuwa ameona kwamba mara nyingi anaweza kukisia jinsia ya mwanafunzi kwa kusoma maoni peke yake.

Makala haya yanadai kwamba jinsia iliyokosekana katika viambishi vya Kiswahili imehamia katika sifa. Mafanikio ya msichana huelezwa kwa bidii na tabia yake. Ya mvulana huelezwa kwa akili yake. Kufeli nako huelezwa kinyume chake. Kwa hiyo suala letu si nani hupewa alama nyingi. Suala ni sababu ambayo mwalimu huitoa baada ya alama kujulikana, kwa kuwa mwanafunzi huipanga kesho yake kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa alama yenyewe. Mgawanyo huu una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika fasihi tunayoifundisha.

Mama, baba na shule

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Utendi huo umesomwa mara nyingi kama hati ya utiifu wa mke kwa mume, na wahakiki wa kike na wa kiume wameulaumu kwa sababu hiyo. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alipinga usomaji huo akiona kwamba utendi una kinaya na siasa ambavyo wasomaji wa juujuu hawavioni. Hatuna haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Linalotuhusu ni jambo lililo wazi kwa pande zote mbili: huyu ni mwanamke msomi, mwenye kuimudu bahari ya utendi na kuijua dini yake, ambaye anapomfunza bintiye haoni haja ya kumwahidi usomi alionao yeye mwenyewe. Elimu ya mama imo katika umbo la utungo. Katika orodha ya mambo anayotarajiwa binti kuyatimiza, adabu ndiyo inayotangulia. Hivyo tangu mwanzo kuna pengo kati ya uwezo unaodhihirika na sifa inayotajwa.

Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert alitupatia ushahidi ulio bora zaidi, kwa kuwa hapa mwalimu ni mmoja na wanafunzi ni wawili. Baada ya kufiwa na mkewe, Amina, mwaka 1942, alitunga tenzi mbili za kuwausia wanawe: Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mvulana. Zote mbili zimo katika Maisha Yangu. Tungo hizi zina mengi ya pamoja: kumcha Mungu, kuheshimu wazazi, kuzuia ulimi. Shaaban Robert hakuwa adui wa elimu ya wanawake. Mtu aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad kwa heshima ile hawezi kusingiziwa hivyo. Hata hivyo, binti anatayarishwa kwa nyumba na mvulana anatayarishwa kwa ulimwengu. Si bure kwamba wahakiki wamekuwa wakiulinganisha Utenzi wa Hati na utendi wa Mwana Kupona, ilhali Utenzi wa Adili hulinganishwa na maandishi ya falsafa na maadili. Baba mmoja, huzuni moja, bahari moja ya utungo. Kilichobadilika ni matarajio.

Shule ya kikoloni ilipokuja haikulikuta jambo hili likiwa geni, nayo haikulibadilisha. Ililiwekea ratiba. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu inayolingana na maisha ya kijijini, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Mwalimu mwanamume alifundishwa kwenda kuwaongoza walimu wenzake. Mkewe, aliyekuja pamoja naye, alifundishwa mapishi, ushonaji, usafi na malezi ya watoto. Shule ya upili ya Alliance ilianza kuwapokea wavulana Kikuyu mwaka 1926. Dada yake, shule ya wasichana ya Alliance, ilisubiri hadi mwaka 1948. Hiyo ni miaka 22, muda wa kutosha mvulana wa kidato cha kwanza kukua, kuwa mwalimu, kuoa na kuwa na binti wa kwenda shule.

Kwetu huku Bonde la Ufa tofauti ya rangi ilitangulia tofauti ya jinsia. Eldoret ulikuwa mji wa walowezi, wengi wao Makaburu waliofika kwa magari ya kukokotwa na ng’ombe tangu mwaka 1908, na shule nzuri za mji zilikuwa za watoto wao. Wasichana wa Kizungu walisomea Highlands, ambayo leo ni Moi Girls. Kwa Waafrika serikali ilianzisha shule ya Kapsabet mwaka 1925, nayo ilikuwa ya wavulana. Kwa hiyo, katika kumbukumbu ya eneo hili, mwanafunzi Mwafrika wa kwanza anayeshika kalamu ni mvulana. Msichana Mwafrika anaingia darasani baadaye, kama mgeni ambaye ni lazima aonyeshe kwamba hataleta fujo. Sifa ya kwanza anayotafutiwa mgeni ni utulivu.

Mwaka 1985

Mwaka 1985 unastahili kukumbukwa kwa mambo matatu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya kwanza. Na Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Sisi wa Kiswahili hukumbuka jambo la kwanza na la pili, kwa sababu ndipo somo letu lilipofanywa la lazima na la kutahiniwa. Jambo la tatu tumewaachia wengine. Ni kosa la kihistoria kuyatenganisha.

Tangu Kiswahili kilipoingia katika mtihani, matokeo ya darasa la nane yalijirudia kama kiitikio. Takribani kila mwaka, Waziri wa Elimu alipoyatangaza, alisema kwamba wasichana wamewashinda wavulana katika Kiswahili na Kiingereza, nao wavulana wamewashinda wasichana katika hisabati na sayansi. Tangazo hilo lilikuwa la kweli kwa takwimu. Lakini tangazo la kweli likirudiwa kila mwaka hugeuka kuwa unabii. Katika majilisi, Kiswahili kikawa “somo la wasichana”, na maneno hayo hayakusemwa kwa kukikuza Kiswahili. Yalikishusha Kiswahili kwa kukihusisha na wasichana, na yakawashusha wasichana kwa kuwahusisha na somo linalodhaniwa kuwa rahisi.

Wakati huohuo vitabu vya kiada vilikuwa vikifanya kazi yao kimyakimya. Anna Obura, katika Changing Images (1991), alivipitia vitabu vya shule za msingi vya Kenya, vikiwemo vya hisabati, sayansi, kilimo na lugha, akaonyesha jinsi wanawake na wasichana walivyokuwa wachache na jinsi shughuli zao zilivyofinywa. Mfano wa kilimo unatugusa sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya mahindi na ngano. Mkulima wa vitabuni alikuwa mwanamume, ilhali mtoto aliyekuwa akikisoma kitabu hicho alikuwa ametoka nyumbani asubuhi akimwacha mama yake shambani na jembe mkononi. Mtoto huyo alifundishwa mapema kutoyaamini macho yake.

George Eshiwani alikuwa amekwisha kuonyesha, katika maandishi yake ya miaka ya 1970 na 1980, kwamba udhaifu wa wasichana katika hisabati na sayansi haungeweza kutenganishwa na aina ya shule walizopelekwa, nyingi zikiwa za harambee zisizo na maabara. Miaka ya 1990 ikaleta msukumo mpya. Maafa ya shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru, Julai 1991, ambapo wasichana 19 walipoteza maisha, yaliifanya nchi nzima ijiulize mvulana na msichana wanatazamwaje shuleni. FAWE, jumuiya ya wanawake wanaelimu wa Afrika yenye makao yake Nairobi, iliundwa mwaka 1992. Mwaka 1994 serikali ilitoa mwongozo wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni.

Utafiti ulioligusa moja kwa moja suala la mtazamo wa walimu ni ule wa Barbara Mensch na Cynthia Lloyd, uliochapishwa mwaka 1998, ambao ulihusu shule 36 za msingi katika wilaya za Kilifi, Nakuru na Nyeri. Watafiti hao hawakuridhika na kuhesabu madawati. Waliingia darasani, wakawahoji walimu, wakasikiliza. Katika uchambuzi uliofuata mwaka 2000, wakiwa pamoja na Wesley Clark, walionyesha kwamba mahali ambapo walimu waliona hisabati kuwa si muhimu sana kwa wasichana, wasichana walielekea zaidi kuacha shule. Msomaji na asiupite upesi ugunduzi huu. Fikra iliyo kichwani mwa mwalimu, ambayo pengine hakuwahi kuitamka mbele ya mwanafunzi, ilionekana katika orodha ya waliotoweka.

Mtulivu na mtundu

Turudi sasa kwenye ule mstari wa Kiswahili katika ripoti, kwa kuwa hapa ndipo mwanafasihi ana la kuongeza juu ya wanatakwimu.

Neno “bidii” ni sifa njema. Tunamsifu kwalo mkulima, seremala na mama muuza mboga. Lakini bidii hutaja nguvu iliyokwisha kutumika, hutazama nyuma. “Akili” hutaja uwezo ambao bado haujamalizika, hutazama mbele. Mwalimu anayemwandikia msichana aliyeshika nafasi ya kwanza “Ana bidii” na kumwandikia mvulana aliyeshika nafasi ya pili “Ana akili” amewapa wote sifa, na hakuna mzazi atakayekwenda kulalamika. Hata hivyo, amesema kwamba wa kwanza amefika kikomo chake na wa pili hajaanza.

Wakifeli, mambo hugeuka. Mvulana huandikiwa “Anaweza”, “Aache mchezo”, “Ajitahidi zaidi”. Maneno hayo ni ya kukaripia, lakini ndani yake mna imani: uwezo upo, kilichopungua ni bidii. Msichana huandikiwa “Amejaribu” au “Asikate tamaa”. Hayo ni maneno ya huruma, na ndani ya huruma hiyo mna hukumu: bidii ipo, kilichopungua hakitajwi. Carol Dweck na wenzake walikwisha kuliona jambo la namna hii katika madarasa ya Marekani mwaka 1978. Lawama walizopewa wavulana zilielekea zaidi kwenye mwenendo na uzembe, na zile za wasichana zilielekea kwenye ubora wa kazi yao kiakili. Mvulana alijifunza kwamba akiketi vizuri atafaulu. Msichana, aliyekuwa ameketi vizuri tangu asubuhi, hakuwa na kisingizio.

Neno linalotufaa zaidi, na ambalo lugha nyingine haziwezi kutuazima, ni “mtundu”. Neno hili lina pande mbili. Mtundu ni mtoto asiyetulia, mwenye kuchokoachokoa vitu mpaka viharibike. Na mtundu ni mtu mbunifu, mwenye mikono na kichwa cha kugundua. Lugha yenyewe inakiri kwamba ubunifu na usumbufu ni ndugu. Lakini tazama neno linavyogawiwa. Mvulana akiitwa mtundu, mwalimu hutabasamu. Pande zote mbili za neno humfikia pamoja, na kosa lake hubeba ahadi. Msichana akiitwa mtundu, upande wa ubunifu hubaki nyuma na kinachomfikia ni usumbufu peke yake. Mara nyingi hata haitwi hivyo. Msichana anayeinua mkono mara kwa mara ana “kiherehere” au “kimbelembele”. Mvulana anayefanya vivyo hivyo ni “mchangamfu”. Akizidi kusimama imara huitwa “jikedume”, na akitiwa moyo kabla ya mtihani huambiwa “ajikaze kiume”. Kumbe hata ujasiri anaazimwa tu, na baada ya mtihani ataurudisha kwa wenyewe.

Kinyume cha mtundu ni “mtulivu”. Sijaona mwalimu aliyeliandika neno hili kwa nia mbaya. Darasa la wanafunzi 50 au zaidi, kama madarasa mengi yalivyofurika baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza mwaka 2003, humfanya mwalimu amshukuru Mungu kwa kila mtoto anayekaa kimya. Lakini utulivu si mafanikio ya kitaaluma, na kuuandika mahali palipotengewa mafanikio ya kitaaluma ni kulijaza pengo kwa kitu kingine. Anayesifiwa kila muhula kwa kunyamaza katika somo la lugha anafundishwa nini kuhusu lugha?

Si sahihi kudhani kwamba haya ni mambo ya walimu wanaume. Walimu wa kike huyatumia maneno hayohayo kwa ugawaji uleule, kwani nao waliandikiwa hivyo. Wala hatudai kwamba wasichana huonewa katika alama. Utafiti wa Victor Lavy nchini Israeli, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha alama zilizotolewa na mwalimu anayemjua mwanafunzi na zile za mtahini asiyelijua jina, ukapata kwamba waliopunjwa ni wavulana. Kazi yake ya baadaye pamoja na Edith Sand ilionyesha kwamba pale walimu wa shule ya msingi walipowapendelea wavulana katika hisabati, athari ziliendelea hadi wanafunzi walipochagua masomo ya juu. Matokeo hayo mawili hayapingani ikiwa tutakumbuka kwamba alama na maelezo ya alama ni vitu viwili. Msichana anaweza kuongezewa alama kwa ajili ya utulivu wake na papo hapo kunyimwa akili.

Mvulana naye hulipa. Yule wa “Anaweza” huishi kwa hundi ambayo haijawahi kupelekwa benki. Katika sehemu hii ya Bonde la Ufa jambo hilo lilikuwa na msimu wake: mvulana alifanya KCPE mwezi wa Novemba, akaingia jandoni Desemba, akaenda kidato cha kwanza akiwa mwanamume. Walimu wa kike wa shule zetu wanajua jinsi ilivyo kazi kumrudi kijana aliyeambiwa kwamba hawezi tena kurudiwa na mwanamke. Maoni ya “Aache mchezo” yaliyomfuata tangu darasa la nne yalikuwa yamekwisha kumwambia kwamba mchezo ndio tatizo lake pekee, na sasa mchezo umekuwa heshima. Wanaolalamika leo kwamba mtoto wa kiume amesahauliwa wangefanya vyema kuzisoma ripoti hizo. Hakusahauliwa, alisifiwa kupita kiasi kwa kitu asichokuwa amekifanya.

Kiswahili kina msamiati wa tatu, nao hutolewa kwa mvulana anayefanya vizuri katika somo letu. Yeye huitwa “malenga”, “gwiji”, hata “shaha”. Msichana aliyempita huambiwa kwamba wasichana ni hodari wa kuongea. Fahirisi ya majina makuu ya ushairi wetu kama tunavyoifundisha, kutoka Muyaka hadi Shaaban Robert na Abdilatif Abdalla, humsaidia mwalimu kuona kwamba malenga ana sura ya kiume, na Mwana Kupona akiingia huingia kama mama. Mwanafunzi wa kike hufika chuo kikuu kusomea Kiswahili akiamini kwamba amekuja kwa sababu hisabati ilimshinda. Kwa miaka mingi Bodi ya Pamoja ya Udahili iliwapunguzia wasichana kiwango cha kuingilia chuo kikuu, hatua iliyokuwa ya haki kwa kuzingatia shule walizotoka. Lakini hata hatua hiyo ilipewa tafsiri ileile: kwamba amebebwa.

Rosa na Kazimoto

Ingekuwa rahisi kuwaachia walimu wa shule lawama yote. Hebu tuangalie jinsi sisi wahakiki tulivyowatathmini wanafunzi wawili wa Euphrase Kezilahabi.

Rosa, katika Rosa Mistika (1971), ni mwanafunzi. Anapitia shule ya sekondari ya wasichana na kufika chuo cha ualimu. Kazimoto, katika Kichwamaji (1974), naye ni mwanafunzi, wa chuo kikuu. Rosa anajiua; Kazimoto anajiua. Mwandishi ni mmoja na riwaya zimepishana kwa miaka mitatu. Msomaji angetarajia vifo hivyo viwili visomwe pamoja. Badala yake Kichwamaji imekuwa lango la kufundishia udhanaishi: tunajadili kutokuwa na maana kwa maisha, upweke wa msomi, uhuru na kifo. Rosa Mistika imekuwa lango la kufundishia malezi: tunajadili ukali wa Zakaria, kipigo kilichotokana na barua ya mvulana, ulegevu wa maadili, na kama jamii ndiyo iliyomharibu Rosa au yeye mwenyewe. Kwa Kazimoto tunauliza: alifikiri nini? Kwa Rosa tunauliza: alikuwa na tabia gani? Riwaya hiyo ilipopigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, hoja ilikuwa tabia. Na walioitetea waliitetea kwa hoja ya tabia.

Ni kweli kwamba Kezilahabi mwenyewe amechangia. Kazimoto ni msimulizi wa hadithi yake, na msimulizi hana budi kufikiri mbele yetu; Rosa anasimuliwa na mtu mwingine. Lakini mhakiki hafungwi na nafsi ya usimulizi. Msichana aliyelelewa kwa kuogopeshwa, akatambua kwamba hofu ile haikuwa na msingi, akaivunja amri moja baada ya nyingine hadi akabaki bila amri yoyote, kisha akaona kwamba hakuna anayeweza kumpokea jinsi alivyo, amefika kwa miguu yake mwenyewe mahali palepale alipofika Kazimoto kwa vitabu. Swali la mtihani lililozoeleka, “Fafanua tabia za Rosa”, halina nafasi ya jibu hilo. Mwanafunzi akiliandika, msahihishaji atalitafuta katika mwongozo wa kusahihisha asilione.

Mbali na matarajio

KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Pamoja na ubaya wake wote, mtihani ule ulikuwa na sifa moja: aliyesahihisha alijua nambari tu, na sehemu kubwa ilisahihishwa na mashine. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, umekusudia kupunguza ukatili wa mtihani mmoja kwa kuipa tathmini ya mwalimu wa darasa sehemu rasmi katika matokeo. Nia hiyo ni njema. Lakini maana yake ni kwamba maoni ambayo zamani yaliishia katika ripoti ya muhula sasa yana uzito wa kitaifa, na yanatolewa na mtu anayelijua jina.

Viwango vya tathmini katika mtaala huo ni vinne, na kwa Kiswahili huitwa kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Mhakiki wa lugha hana budi kulitua neno hili chini na kulitazama. Matarajio ni nomino iliyotokana na kitenzi, na kitenzi hicho hakikai bila mtenda: lazima awepo anayetarajia na anayetarajiwa. Katika jedwali la mwalimu wote wawili wameondolewa. Waandishi wa mtaala walikusudia matarajio ya somo, yaliyoandikwa na kuwa sawa kwa kila mtoto. Mwalimu aliye darasani, mwenye watoto 50 mbele yake na historia yote tuliyoieleza nyuma yake, ana matarajio mengine ambayo hayakuandikwa popote, na anapoamua kwamba msichana fulani “amefikia” au “amezidisha”, ni vigumu kujua ni kipimo kipi alichoshika mkononi. Mtulivu aliyefanya alichoambiwa amefikia. Aliyeuliza swali ambalo halikuwa katika mwongozo amezidisha, au ana kiherehere?

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia gredi ya kumi Januari 2026, wakiwa wamegawanywa katika mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Walimu watakaowafundisha Kiswahili wengi wao wamepita mikononi mwetu. Katika kozi ya uhakiki tumewafundisha kuchambua wahusika, na katika mazoezi ya kufundisha tumewakagua wakiandika maazimio ya kazi na maandalio ya somo. Fomu ya ripoti hatujawahi kuiweka mezani na kuisoma pamoja nao kama tunavyoisoma beti ya utendi, neno kwa neno, huku tukiuliza ni nani anayesema, anasema na nani, na ni neno gani aliloliacha.